Miguu ya Bibi Felista

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya tatu ya kliniki ya kanisa letu kutoka Voi. Migongo kumi na moja kabla ya saa sita. Magoti sikuhesabu. Turubai limefungwa upande mmoja tu, jua linaingia kuanzia saa nne na kunipiga shingoni. Kesho nihamishe mkeka.

Mpangilio ni ule ule. Wenzangu wanapima presha mlangoni. Mimi niko katikati, nakanda viungo. Mchungaji Mwakio yuko mwisho, kwenye kiti cha plastiki karibu na geti la kanisa, anaombea wanaotoka. Mimi mikono, yeye maneno. Naupenda mgawanyo huu. Kule Voi hospitalini ninakofanya kazi hakuna anayenitaka niseme neno la imani, na hapa pia hakuna.

Nilidhani Kiswahili ndicho kitakuwa rahisi. Asubuhi nilimwambia mama wa chai, nipe chai ya rangi. Akaniangalia. Mteja mmoja akasema, "Dada, huku tunaomba." Nikaomba. Nikapewa na tabasamu. Nimevuka mpaka mmoja tu na tayari sina adabu.

Wengi ni makuli wa Kariakoo. Migongo kama mbao. Alikuja pia mama mmoja anayeuza mitumba hapa Mchikichini, Mama Lidya. Kiuno kimemkaza upande wa kulia. Nikamuuliza anabeba nini, nikitegemea aseme belo za nguo. Akasema, "Nambeba mama mkwe."

Amepooza miguu tangu mwezi wa kwanza. Anambeba kwenda chooni, anambeba kumwogesha, anambeba kumrudisha kitandani. Mume ni dereva wa lori la Tunduma, nyumbani anapita tu. Miezi saba. Nimemwonyesha namna ya kuinua kwa magoti badala ya kiuno. Alifuatisha huku machozi yanamtoka, na wala hakuyafuta.

Mchungaji amesikia. Kesho tunamtembelea huyo bibi.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike kama ilivyokuwa. Baadaye nitajua maana yake.

Magomeni. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati. Chumba cha tatu kushoto. Bibi Felista kitandani, ameegemea mto, anashona vifungo kwenye mashati ya biashara ya mkwe wake. Mtu wa Newala. Miaka sabini hivi. Macho mazima, mikono mizima. Shikamoo, marahaba. Akatuuliza kama Kenya nako wanakula ugali.

Nikaomba nimshike miguu. Mchungaji alikuwa ameshatoa simu, anarekodi kwa ajili ya watu wa nyumbani.

Hapa ndipo. Kigimbi kilikuwa kimejaa. Mtu ambaye hajasimama miezi saba hana kigimbi, ana ngozi inayoning'inia kwenye mfupa. Nimeshika miguu ya namna hiyo miaka tisa. Nikakunja goti. Likakataa, lakini lilikataa kama goti la mtu anayekaza, si la mtu ambaye mishipa imekufa. Nikageuza wayo. Magaga yana vumbi. Vumbi la leo.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Alijua kwamba nimejua.

Kabla sijafungua mdomo Mchungaji akasema, "Dada Wakesho, leo omba wewe. Mimi nimeshika simu." Watu wakainamisha vichwa. Mama Lidya akapiga magoti na kiuno chake kile. Mimi sijawahi kumwombea mgonjwa kwa sauti. Niliomba vibaya. Kwa haraka, kwa maneno ya watu wengine. Nilikuwa nafikiria kigimbi.

Nikasema amina. Bibi Felista akachomeka sindano kwenye kola ya shati, akaliweka shati kando, akashusha miguu chini. Akasimama.

Akatembea mpaka mlangoni. Akatoka ukumbini. Majirani wakapiga vigelegele. Mama Lidya alianguka kifudifudi sakafuni, akalia kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

Mimi nilibaki kwenye kigoda. Viganja vyangu vilikuwa bado vimejikunja kama vimeshika mguu.

Sikusema kitu. Kwa nini sikusema kitu?

Alhamisi, 7 Agosti

Video imefika Voi kabla sijaamka. Mama kapiga simu saa kumi na mbili asubuhi, analia kwa furaha. Mungu amekutumia, mwanangu. Nikasema ndiyo, mama. Uongo wa kwanza wa siku.

Foleni imebadilika. Kwenye kiti cha Mchungaji hakuna mtu. Wote kwangu. Wananiita Dada wa Miguu. Hawataki kukandwa, wanataka niombe tu. Mzee mmoja ana goti lililojaa maji, ningeweza kumpunguzia maumivu kwa dakika kumi. Amekataa. Anataka alichopewa bibi wa Magomeni. Nikaomba. Akasimama, akasema anahisi nafuu, akaondoka anachechemea vile vile.

Mchana nilimvuta Mchungaji kando. Nikamweleza habari za misuli, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaojifunza kwetu hospitalini. Alisikiliza vizuri. Si mjinga na si mwongo, lazima niliandike hilo. Kisha akasema, "Kama Mungu anarudisha miguu, atashindwa kurudisha nyama yake?"

Nikasema nilishika kabla ya maombi, si baada ya maombi.

"Labda alianza kazi kabla hujafungua kinywa."

Nasali kwa Mungu huyo huyo anayemsema yeye. Siwezi kusimama nikaapa kwamba Mungu hafanyi hivyo. Ninachoweza kuapa ni magaga yenye vumbi, na ukilisema kwa sauti linakuwa jambo dogo sana.

Jumapili bibi atatoa ushuhuda mbele ya watu. Wenyeji wetu wa kanisa la hapa wameshakodi viti na vipaza sauti.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima huku. Hakuna kliniki. Wenzangu wameingia soko la Kariakoo kununua vitenge. Nikasema kichwa kinauma. Nikaenda Magomeni peke yangu.

Mama Lidya hakuwepo. Sikukuu sokoni ni biashara. Bibi Felista alikuwa uani anafua, amechuchumaa kama msichana. Aliponiona hakushtuka. Akakung'uta mikono, akanivutia kigoda.

Sikumuuliza. Alianza mwenyewe.

Mwezi wa kwanza mwanawe mkubwa alipiga simu kutoka Newala. Mama arudi, nyumba iko tupu, mikorosho haina mwangalizi. Mwanawe wa hapa akakubali. Mama Lidya akakubali. Chumba kimoja, mtoto anakua. Siku ya basi ikapangwa. Yeye mwenyewe hakuulizwa, aliambiwa.

"Newala nimechota maji miaka hamsini," alisema. "Unashuka bonde, unapanda bonde, ndoo kichwani. Nilivyofika hapa nikafungua bomba nikacheka peke yangu."

Anapenda hapa. Hakuona haya kulisema. Anapenda makelele, anapenda kazi ya vifungo, anapenda wanaume wakibishana barazani siku ya mechi. Anawajua wachezaji kwa majina. Akanitajia.

Basi wiki ya safari akaamka akasema miguu haimsikii. Alidhani itakuwa siku mbili, basi liondoke, yaishe. Basi liliondoka. Lakini Mama Lidya alikuwa ameshaanza kumbeba.

"Nilitaka kusimama, mjukuu wangu. Ningesimamaje? Ningesema nini?"

Mkwe akienda sokoni, anafunga mlango anazunguka kitanda. Mchana akisikia wapangaji wenzake wametoka, anatoka uani, anarudi. Mtu akigonga, analala. Miezi saba.

"Nikaona nitakufa hivi hivi. Halafu mkaja nyie."

Nikamuuliza kuhusu kiuno cha Mama Lidya. Niliuliza kwa ukali, sikujua kama ninao ukali huo kwa mtu wa umri wake. Akasema, "Hicho ndicho kinanitesa." Nikasema kinamtesa yeye, Bibi. Akainamisha kichwa, akawa anakamua kanga ambayo ilishakauka.

Halafu akasema jambo ambalo sijui niliweke wapi. Jumatano alikuwa amepanga kuendelea kulala. Alipoona nimejua, akazidi kukaza goti, akajiambia na hawa watapita. Nilipoanza kuomba miguu ikamtetemeka. Akajikuta amesimama, na anasema si yeye aliyeamua.

"Wewe ndio mtu wa dini. Niambie kilikuwa nini."

Nikashika ncha ya pili ya kanga, tukaianika.

Ameniomba nisimwambie mtu, nikaahidi. Na Mama Lidya ameshapiga simu Newala. Mama amepona, sasa anaweza kusafiri. Jumanne anapandishwa basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Hansa, mwenye nyumba tunayolala, kaniita sebuleni kwake. Ni mjane wa Kihindu, anaishi ghorofa ya tatu hapa Kariakoo, juu ya duka lake la vitambaa. Kila asubuhi anawasha udi mbele ya picha za miungu yake na harufu inafika chumbani kwetu. Ngazi zinamuua magoti.

"Nasikia unaombea miguu," kasema.

Nikasema ndivyo wanavyosema.

"Basi utaniombea. Lakini kanda kwanza."

Nikakanda nusu saa. Akasinzia. Alipoamka hakukumbuka maombi na mimi sikumkumbusha. Nusu saa nzuri kuliko zote tangu Jumatano.

Nimemwandikia Mchungaji ujumbe mara tatu, nimefuta mara tatu. Nikisema, bibi anaaibika, Mama Lidya anavunjika, wenyeji wetu wanachekwa mtaani. Nisiposema, watu wataendelea kuja. Na je, ni siri yangu niitoe?

Naogopa. Sijui namwogopa nani hasa.

Jumapili, 10 Agosti

Uwanja wa shule, upande wa Jangwani. Viti viliisha kabla ya saa nne. Bibi Felista na Mama Lidya walifika wameshikana mikono. Bibi kavaa kitenge kipya alichoshonewa na mkwe wake. Mama Lidya alikuwa anamtambulisha kwa kila mtu. Huyu ndiye mama. Huyu ndiye.

Mchungaji alinikalisha jukwaani. Kwaya. Sala. Kisha bibi akaitwa. Akapanda ngazi nne bila kushikwa na watu wakapiga kelele kwa kila ngazi. Akasema maneno machache sana. "Nilikuwa nimelala. Sasa nimesimama. Asanteni." Nikaona kwamba hajasema uongo hata mmoja.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha njia.

Ilikuwa baiskeli ya matairi matatu, zile za kubebea mizigo sokoni wanazoziita guta. Juu yake godoro jembamba, na juu ya godoro mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amefunikwa kikoi kiunoni kwenda chini. Mkewe anatembea pembeni anamkinga jua kwa mwavuli. Jirani yao mwenye guta aliendesha mpaka mbele ya jukwaa. Mke akasema wanaitwa Hamisi na Mwanahawa. Hamisi alikuwa kuli Kariakoo. Alianguka na gunia la mchele kwenye ngazi za ghala, mwaka juzi. Tangu hapo hajasimama.

Mchungaji akanipa kipaza sauti. Nikashuka.

Nikafunua kikoi. Vigimbi hakuna. Ngozi na mfupa. Nyayo za baridi, laini kama za mtoto mchanga. Nikapitisha ufunguo kwenye wayo kupima kama unahisi, hakuna kitu. Nikaingiza mkono chini ya mgongo kumgeuza kidogo, harufu ikanijia kabla sijaona. Kidonda cha kulalia, juu ya makalio, kipana kama kiganja changu.

Akanong'ona, "Dada, mimi ni Mwislamu. Mke wangu kasema twende tu. Nifanyie kama ulivyomfanyia bibi." Alijaribu kutabasamu, kama mtu anayeomba kupunguziwa bei na anaona haya.

Nilikuwa nasikia jenereta.

Nikasema, "Sijui kufanya hivyo."

Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Maneno yakaenda uwanja mzima. Mchungaji akaniambia kutoka juu, taratibu, "Imani, Dada." Nikarudia. "Sijui kufanya hivyo, kaka. Sijawahi kumfanyia mtu."

Hamisi akageuza macho jukwaani. "Na yule?"

Sikumjibu. Niandike ukweli. Nisingemjibu. Nilikuwa nimeahidi, au nilikuwa mwoga, leo siwezi kutenganisha.

Bibi Felista akashuka mwenyewe. Akaja mpaka kwenye guta, akashika ubao wa pembeni. Hakuomba kipaza sauti. Alisema kwa sauti ya kuzungumza tu. "Mwanangu, mimi sikupooza. Nilikuwa nadanganya. Usimdai binti huyu kitu ambacho hakunipa."

Waliokuwa karibu walisikia. Wakawaambia wa nyuma yao. Nililiona neno likipita uwanjani, safu kwa safu, vichwa vikigeuka.

Hamisi akauliza, "Miezi mingapi?"

"Saba."

Akajifunika macho kwa mkono. Mabega yalimtikisika. Nilidhani analia. Kisha nikasikia anacheka. Kisha sikujua tena. Mwanahawa alifunga mwavuli, akamwambia mwenye guta, "Geuza."

Mama Lidya alikuwa amesimama mstari wa mbele. Alijishika kiuno kwa mikono miwili. Akaondoka uwanjani peke yake, katikati ya viti, na watu wakampisha kama wanavyompisha mfiwa.

Mchungaji akaanzisha wimbo. Wengine wakaimba. Nusu ya uwanja, pengine zaidi. Waliimba vizuri. Sielewi walikuwa wanaimba nini.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi Mchungaji alisema ni kazi ya adui. Saa nne akasema pengine bibi amechanganyikiwa kwa furaha. Saa saba nilimkuta amekaa kwenye ngazi za Mama Hansa, peke yake, viatu kavua.

"Ulijua tangu lini?"

Nikasema Jumatano. Nikasema Alhamisi nilimwambia.

"Uliniambia misuli," akasema. "Hukuniambia kuna uongo."

Ni kweli. Nilimpa kipande ambacho angeweza kukikataa. Nikakaa ngazi ya chini yake. Akasema watu wa nyumbani wanaomba video ya pili. Akasema hajui atawaandikia nini. Akaniomba tusali. Tulisali. Hakuna aliyetaja ombi lolote, tulikaa tu tumefumba macho, watu wanapanda na kushuka, na Mama Hansa akapita katikati yetu na kikapu cha mboga akasema samahani.

Alasiri Mama Lidya akaja kliniki. Foleni ilikuwa fupi sana leo. Akalala kwenye mkeka bila salamu. Nikakanda.

Akasema, uso ukiwa chini, "Nilikuwa namwogesha. Nafua mpaka nguo zake za ndani. Usiku nikilala kiuno kinawaka moto, najiambia, mimi ni mtu mwema. Nilikuwa najisifu, unajua? Sasa sijui nilikuwa namwogesha nani."

Nikataka kumwambia wema wake ni wake hata kama mgonjwa hakuwepo. Nikaona sina hakika. Nikaendelea kukanda.

Akasema basi ni kesho alfajiri. Mama mkwe ataondoka. Hajamsemesha tangu jana na hatamsemesha.

Nilimkasirikia bibi siku nzima. Jioni nikagundua kwamba pia namwonea huruma, na sijui nianze na lipi.

Jumanne, 12 Agosti

Niliulizia nyumba ya Hamisi kwa makuli wa sokoni. Bondeni Jangwani. Ukutani kuna alama ya maji ya mafuriko, usawa wa kiuno. Nilibeba pamba, bandeji, maji ya chumvi.

Bibi Felista alikuwa amekaa kizingitini na furushi lake.

Alfajiri walitoka pamoja kwenda stendi. Mama Lidya alipokwenda kuulizia basi, yeye akaondoka kwa miguu. Ameulizia njia kama mimi. Amefika hapa saa mbili. Mwanahawa hajamkaribisha na hajamfukuza. Anapita juu ya miguu yake kila akitoka kumwaga maji.

Ndani nikamweleza Mwanahawa. Kidonda hiki ni cha hospitali, si cha mkeka wangu. Kesho aende, nimemwandikia barua aionyeshe. Lakini leo lazima nikisafishe, na kuanzia leo Hamisi ageuzwe kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule. Kumgeuza vizuri kunataka watu wawili. Jirani mwenye guta yuko kazini. Mwanahawa ana mimba, sikuwa nimeona juzi chini ya baibui. Hakuna kuinua.

Tukatazamana. Nikaenda mlangoni nikasema, "Bibi, njoo."

Mwanahawa akasogeza ndoo ampishe.

Nikamweka bibi upande wa pili wa kitanda. Mkono mmoja kwenye nyonga, mmoja nyuma ya goti, nikihesabu tatu vuta kwako. Alivuta. Mikono ile ina nguvu. Hamisi akageuka wote kwa pamoja, bila kukwaruzika, akawa ameelekea ukutani. Nikaosha kidonda. Ilichukua muda mrefu. Bibi alimshika bila kutikisika mpaka nilipomaliza.

Hamisi akaongea na ukuta. "Bibi ana nguvu huyu. Na alikuwa amelala tu."

Bibi akasema, "Nilikuwa nimelala tu, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Lakini Mwanahawa akamimina uji vikombe vinne. Nilivihesabu mara mbili.

Nilipomfundisha Mwanahawa mazoezi ya vidole na kifundo, Hamisi akaniuliza kama kuna siku itatembea hii miguu. Nikamwambia hapana, sidhani. Nikamwambia mikono yake ni mizima, kifua ni kizima, tuanzie hapo. Akasema wewe ni mtu wa kwanza kuniambia. Wengine wote wananiambia nivumilie.

Sikuomba. Nilikumbuka njiani nikirudi.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya mwisho. Wamempokea Hamisi hospitali asubuhi, atalazwa kwa ajili ya kidonda. Bibi Felista alitembea nyuma ya guta njia nzima kabebelea mwavuli.

Nikaenda Mchikichini kumuaga Mama Lidya. Anapanga mashati juu ya meza, kubwa upande huu, ndogo upande ule. Nikamuuliza bibi alilala wapi. Nyumbani, akasema. Alirudi jana jioni kwa miguu yake, akakaa ukumbini kwenye sakafu kama mgeni.

"Ukamwambia nini?"

"Sijamwambia kitu. Nimeweka mashati kitandani kwake. Leo asubuhi nimeyakuta yana vifungo."

Nikauliza kuhusu Newala. Akasema shemeji amepiga simu mara nyingi. Hajapokea. Atapokea, akasema, lakini si wiki hii. Wiki hii amekasirika, na mtu aliyekasirika asipangie watu safari.

Akaniuliza kama namchukia mama mkwe wake. Nikasema sijui. Akasema, "Na mimi." Akakunja shati jingine. Kiuno bado kinauma, akasema, lakini sasa anajua asubuhi hana mtu wa kubeba, na wiki nzima sasa anaamka ameinama tayari, mwili haujaambiwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Voi. Kazini.

Jana kanisani Mchungaji alisimama akasema kwamba video ile tulikosea kuituma, na kosa ni lake. Alisema hivyo tu. Wapo waliotoka nje. Mama yangu hakutoka, lakini njiani kurudi hakuongea, na nyumbani akaniuliza kwa upole kama kweli niliomba siku ile. Nikasema niliomba. Akasema basi. Sikujua basi ya namna gani.

Mgonjwa wa kwanza leo ni mzee aliyevunjika nyonga. Amesikia nilikuwa safarini. "Pole na safari, binti. Mlifanikiwa?"

Nikamwambia sijui, baba. Nikamwomba akunje goti. Likaja kidogo, likakwama. Nikashika chini ya kisigino, nikasubiri.